Timboroa Haikuandikwa kwa Arial

Wacha nianze na tarehe mbili, halafu tugombane vizuri. East African Railways ilikufa mwaka 1977, pale Jumuiya ilipovunjika na kila nchi ikabaki na vipande vyake vya reli. Arial, ile fonti iliyo kwenye kila kompyuta ya saiba, ilichorwa mwaka 1982 na Robin Nicholas na Patricia Saunders wa kampuni ya Monotype. Ya kwanza ilikufa miaka mitano kabla ya ya pili kuzaliwa. Hawakuwahi kukutana.

Sasa niambie kwa nini nikifungua njia ya simuleta iliyopewa jina la "Kenya, miaka ya hamsini", naona Garratt ikipanda mlima kwa moshi safi kabisa, magurudumu yamehesabiwa, rangi ya mabehewa imetafitiwa, halafu kibao cha kituo kimeandikwa TIMBOROA kwa Arial. Mtu amekaa miezi akichonga injini, boriti kwa boriti. Alipofika kwenye jina la mahali penyewe, akachagua fonti ya kwanza kwenye orodha na kwenda kulala.

Kwa wale ambao hawajui ulimwengu huu: kuna watu, mimi nikiwemo, ambao tunajenga reli ndani ya kompyuta. Si mchezo wa kupiga risasi. Unachukua ramani, unachora mteremko, unapanda miti, unaweka stesheni, halafu unaendesha gari moshi kwa mwendo wake halisi, hata kama ni masaa manne ya kuangalia nyasi. Wengine hujenga kwa mikono, vituo vya mbao na karatasi juu ya meza. Microsoft walipotoa simuleta yao mwaka 2001 ilikuja na njia sita: za Ulaya, Marekani na Japani. Afrika, sufuri. Kwa hivyo sisi tukitaka kuona Kikuyu au Voi kwenye skrini, ni lazima tuijenge wenyewe. Na tukiijenga wenyewe, lawama ni yetu pia. Hakuna mkoloni wa kusingizia hapa.

Najua jibu utakalonipa, maana nimepewa mara nyingi. "Bana, nani anaangalia herufi?"

Nani haangalii? Huu ni mji ambao mtoto wa darasa la nne anatambua nganya kwa mwandiko wake kabla haijafika steji. Anajua fundi gani ameichora na ni ya mwaka gani. Ukimwonyesha matatu iliyobandikwa stika za kuprinti badala ya kazi ya brashi, atacheka mpaka akae chini. Watu wa Nairobi ni wasomi wa herufi, tena wakali. Lakini tukifika kwenye reli, ghafla macho yetu yanakuwa butu, ati ni maandishi tu. Ukiona mtu mwenye jicho kali amekuwa kipofu mahali pamoja tu, jiulize nani alimwambia kwamba mahali pale si pake.

Jibu la pili ni la wajuaji, na hili ndilo linaloniudhi zaidi. "Tumia Gill Sans. Ilikuwa reli ya Waingereza." Wanalisema kwa ile sauti ya mtu aliyemaliza mjadala.

Haya, tumalize kweli. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, ikagusa ziwa pale Kisumu mwaka 1901. Eric Gill alizaliwa mwaka 1882. Reli ilipoanza, huyo bwana alikuwa kijana wa miaka 14 au chini. Fonti yake ilitolewa na Monotype mwaka 1928. Reli ilikuwa imefika Eldoret tangu 1924, ikimaanisha ilikuwa imeshapita Timboroa, zaidi ya futi 9,000 juu ya bahari, kabla Gill Sans haijauzwa hata herufi moja. Huwezi kuvika stesheni nguo ambayo haijashonwa.

Halafu hiyo habari ya "fonti ya Waingereza" yenyewe ni hewa. Waingereza hawakuwa na fonti moja ya reli. Kabla ya mwaka 1948 walikuwa na makampuni makubwa manne, kila moja na vibao vyake. LNER ndiyo iliyoipokea Gill Sans rasmi, karibu mwaka 1929. Chini ya ardhi ya London walikuwa na herufi za Edward Johnston tangu 1916, zenye nukta ya umbo la almasi juu ya i, na bado wanazitumia hadi leo baada ya kuzirekebisha. Reli zilipotaifishwa mwaka 1948, ndipo herufi za jamii ya Gill zikasambaa nchi nzima kwenye vile vibao vya rangi, kila mkoa na rangi yake. Mwaka 1965 wakazitupa, wakaleta Rail Alphabet, kazi ya Jock Kinneir na Margaret Calvert. Sasa wewe unaponiambia "fonti ya Waingereza", unaniambia ipi? Ya kampuni gani? Ya mwaka gani?

Mjenzi wa njia ya Uingereza hawezi kuthubutu kuweka Rail Alphabet kwenye kituo cha mwaka 1950. Atachekwa kabla ya chakula cha mchana. Huko kuna wazee ambao wanaweza kukuambia kibao ni cha mkoa gani na cha muongo gani kwa kuangalia mguu wa R. Wamezichora upya herufi zao kwenye kompyuta, wamepima nafasi kati ya herufi na herufi, wamebishana kuhusu unene. Siwaonei wivu kwa kuwa na pesa au muda. Nawaonea wivu kwa sababu wanaamini kwamba kituo chao kidogo cha shambani kinastahili ugomvi huo. Kipkelion nayo inastahili. Ndiyo hoja yangu yote, na mengine yanayofuata ni ushahidi.

Kwanza tuelewane kuhusu kutambua herufi ni kufanya nini. Wengi wetu tunafikiri ni hivi: unapiga picha kibao, unaitupa kwenye programu ya kutambua fonti, inakupa jina, unapakua, mambo yameisha. Programu hizo zinafanya kazi nzuri kwa jambo moja, nalo ni kulinganisha picha yako na orodha ya fonti zilizopo kwenye kompyuta. Shida ni kwamba haitakwambia kamwe, "hii si fonti." Itakupa jina tu, lililo karibu zaidi. Ni kama kumuuliza mtu asiyependa kusema hajui njia: atakuelekeza, na utapotea ukiwa na shukrani.

Na vibao vingi vya zamani vya reli si fonti. Herufi zake zilichorwa na mtu kwa rula na brashi, au zilikatwa kwa msumeno kutoka kwenye ubao au bati, au zilimwagwa kwa chuma kutoka kwenye mfano wa mbao. Nenda Makumbusho ya Reli pale Nairobi, yamekuwepo tangu 1971. Simama mbele ya 5918, Mount Gelai, mojawapo ya Garratt 34 za daraja la 59 zilizojengwa na Beyer Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956. Usipige selfi kwanza. Angalia lile jina ubavuni. Herufi zile ni kazi ya kiwanda cha kuyeyusha chuma, zimetoka kwa fundi aliyechonga mfano, si kwa mchapaji. Ukiuliza "ni fonti gani?" umeuliza swali lisilo na jibu, kama kuuliza mandazi ya mama yako ni ya kampuni gani.

Kwa hivyo swali sahihi lina sehemu tatu: nani aliziandika, lini, na kwa chombo gani. Ukijibu hayo, fonti itajitokeza yenyewe kama ipo, na kama haipo utajua lazima uchore.

Njia ya kuanza haihitaji digrii. Tafuta herufi pacha. Bahati yetu ni kwamba majina ya vituo vyetu yamejaa mapacha. GILGIL ni zawadi kutoka mbinguni: G mbili, I mbili, L mbili. LONGONOT ina O tatu na N mbili. NAKURU ina U mbili. Chukua picha iliyopigwa kibao kikiwa mbele yako moja kwa moja, si kwa pembeni, au inyooshe kwenye kompyuta kwanza. Kata G ya kwanza, iweke juu ya G ya pili. Zikitofautiana hata kidogo, tumbo la moja likiwa limeshiba kuliko la nyingine, basi ni mkono wa mtu, na hakuna fonti duniani itakayokusaidia. Zikilingana kabisa lakini nafasi kati ya herufi zinayumba, kuna uwezekano ni herufi zilizokatwa kwa kiolezo kimoja, halafu fundi akazipanga kwa jicho. Zikilingana, na nafasi zikalingana, hapo ndipo uanze kufikiria mashine.

Ukishafika kwenye mashine, uliza herufi zenye siri. A, E, H, I, L, T hazisemi kitu, zinafanana kila mahali. Uliza G, R, S, C na tarakimu 1. Helvetica na Arial zimechanganywa na watu wengi mpaka zinaonekana ndugu, lakini G ya Helvetica ina kidevu kinachoshuka chini upande wa kulia, ya Arial haina. R ya Helvetica inashusha mguu wake karibu wima, ya Arial inaunyoosha kwa mshazari. Ncha za C na S za Helvetica zimekatwa sambamba na ardhi, za Arial zimekatwa kwa mteremko. Gill Sans nayo utaikamata kwa M, ambayo mistari yake ya ndani inakutana katikati bila kufika chini, na kwa 1 yake ambayo ni fimbo tupu, haina tofauti na I kubwa. Hilo la mwisho si dogo. Mabango yetu ya zamani yaliandika mwinuko wa kituo juu ya bahari, kwa futi. Tarakimu ziko pale zikikusubiri. Mtu aliyekosa G na R anaweza kupata jibu kwenye 1.

Halafu kuna ushahidi ambao si wa herufi lakini unaziwekea herufi tarehe. Kibao kinasema Lumbwa au Kipkelion? Thomson's Falls au Nyahururu? Fort Hall au Murang'a? Majina hayo hayakubadilika kwa bahati mbaya, na yanakupa mpaka wa miaka. Futi au mita? Mpaka mwingine. Hata kile kistari cha ng' ni shahidi: aliyekiandika alikijua kama sehemu ya neno, au alikichomeka mwishoni kama inzi aliyekufa kwenye rangi? Kibao kizima ni hati. Herufi ndizo sahihi ya aliyeiandika.

Mtu atasema: haya yote kwa kitu ambacho mchezaji anakipita kwa kilomita 60 kwa saa. Si kweli. Gari moshi husimama, bwana. Hiyo ndiyo kazi ya kituo. Dereva wa simuleta anasimama akisubiri gari la upande wa pili lipite, maana njia ni moja, na kwa dakika kumi kitu pekee kilichoandikwa mbele yake ni jina la mahali alipo. Jiwe la reli hasomi, jani hasomi. Kibao ndicho kitu kimoja katika dunia nzima uliyoijenga ambacho kinamsemesha. Na wewe umekipa sauti ya barua ya kuachishwa kazi.

Nitakwambia kinachoniuma hasa. Reli hii imeandikwa sana. Vitabu kuhusu simba wa Tsavo vimejaa, mabwana waliokuja kuwinda wana picha zao, wahandisi wana ripoti zao. Lakini fundi aliyepanda ngazi na kopo la rangi nyeusi akaandika MAKINDU, akapiga hatua nyuma, akafinya jicho, akarudi kunenepesha K, huyo hana ukurasa. Alichoacha ni K hiyo. Ndiyo sahihi yake pekee, naye hakujua kwamba anatia sahihi. Unapoifuta na kuweka Arial, au hata Gill Sans yako ya kijanja, unasema hapa hapakuwa na mtu. Palikuwa na reli, palikuwa na mzungu wa kuagiza, halafu herufi zikajitokeza zenyewe kutoka London.

Sisemi kwamba Gill Sans haikufika Afrika Mashariki. Huenda ilifika, kwenye ratiba, kwenye tiketi, hata kwenye vibao fulani baada ya vita. Ninachosema ni: leta picha. Leta G na R. Ukinionyesha, nitanyamaza na nitakushukuru. Ukiniletea "lakini ilikuwa koloni", hujaleta kitu.

Na muda hauko upande wetu. Njia ya Nanyuki ilifanyiwa ukarabati mwaka 2020. Ile ya kwenda Kisumu ikafuata. Ni habari njema, mimi ni mtu wa gari moshi, nataka lipite. Lakini ukarabati huja na kopo la rangi, na rangi mpya haiulizi rangi ya chini ilikuwa na umbo gani. Upande mwingine kuna vyuma chakavu. Mpaka serikali ikasimamisha biashara hiyo kwa muda mwaka 2022 kwa sababu ya wizi wa vyuma vya umma. Herufi ya chuma iliyosimama miaka 70 inaweza kuuzwa kwa kilo asubuhi moja, na mwenye mizani hatauliza ni R ya muongo gani.

Wala usidhani SGR iko salama kwa sababu ni mpya. Treni ya abiria ilianza kwenda Mombasa mwaka 2017, vibao vyake ni vya enzi ya kompyuta, kwa hivyo hapo fonti ina jina na jina hilo linaweza kupatikana leo. Leo, nimesema. Kampuni iliyojenga ilitoka China, faili zipo kwenye kompyuta ya mtu fulani, na watu hubadilisha kompyuta. Miaka thelathini ijayo kuna mtoto atataka kujenga Emali ya utoto wake. Atakuta picha za watu wakitabasamu mbele ya kibao, vichwa vimefunika nusu ya herufi.

Kwa hivyo haya ndiyo ninayodai, nayo si mengi.

Ukipita stesheni, piga picha ya kibao peke yake, ukiwa mbele yake, kabla hujajipiga wewe. Weka kitu cha kupimia karibu kama unaweza, hata rula ya shule. Andika tarehe. Wazazi na mababu zetu waliofanya kazi reli wana picha kwenye albamu, mtu amesimama na suruali pana, nyuma yake nusu ya jina. Omba uiskani. Nusu ya jina ni nusu ya alfabeti.

Ukijenga, chora. Usiogope. Herufi nane za TIMBOROA ni herufi saba tu, maana O imerudi mara mbili, na kama ni mkono wa mtu hata hizo O mbili uzichore tofauti. Ni kazi ya jioni moja. Umetumia wiki tatu kwenye bomba la moshi.

Na kama umekisia, sema umekisia. Andika kwenye faili la maelezo: herufi za kituo hiki nimezibuni, sikupata picha. Sentensi moja. Picha za skrini husafiri peke yao. Ikishafika kwenye kundi la WhatsApp la familia, na mtu akaandika chini yake "stesheni yetu zamani", Arial yako imekuwa historia, na mjukuu wa yule fundi ataiamini.

Kama huwezi hata hilo, kama huna picha, huna muda wa kuchora na huna moyo wa kukiri, basi acha kibao kitupu. Weka ubao, weka nguzo zake mbili, weka vumbi, usiandike kitu. Dereva akisimama hapo atauliza hapa ni wapi. Afadhali aulize.